Chuma Kina Bei, Mfanya Kazi Je?



Huko Marekani motokaa ikizeeka haitupwi hivi hivi. Karibu na kila mji mkubwa kuna yadi za vyuma vikuukuu, na motokaa huletwa huko ikivutwa kwa mnyororo au ikiwa mgongoni mwa lori. Kwanza hutolewa petroli na oili, kisha betri kwa ajili ya risasi yake, redieta kwa ajili ya shaba, na magurudumu. Halafu mashini ya kubana huishukia kutoka juu mpaka inakuwa bapa kama chapati, zikapangwa nyingi juu ya lori moja na kwenda zao kiwandani. Huko huingizwa katika kinu chenye nyundo kubwa zinazozunguka, na kwa muda mfupi sana motokaa iliyobeba jamaa nzima miaka ishirini inakuwa vipande vya ukubwa wa ngumi. Sumaku huvuta chuma upande huu. Vioo, mipira na sponji za viti huenda upande ule. Chuma huingia tanuruni, na mwisho huwa nondo za kujengea nyumba au mabati ya kitu kingine.

Mwenye kujua kazi hii atakuambia kwamba hapana kitu kinachopita bila hesabu. Shaba hutafutwa mpaka nyaya ndogo za taa, kwa maana shaba ikisha kuyeyuka pamoja na chuma haitoki tena, na chuma chenye shaba nyingi hupasuka kikipitishwa katika roli kikiwa moto. Motokaa kubwa ya Kimarekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na uzito wa ratili elfu tatu, hata elfu nne, na kila ratili ina mnunuzi wake.

Gazeti hili si la wapenda motokaa. Twaandika habari hizi kwa sababu ya majina yaliyobandikwa juu ya mabati hayo. Packard. Hudson. Nash. Studebaker. Na ya siku za karibu zaidi: Plymouth, Oldsmobile, Pontiac, Mercury. Kila jina hapo lilikuwa na viwanda vyake, na kila kiwanda kilikuwa na lango, na watu waliingia lango hilo king'ora kikilia alfajiri. Motokaa ikifika mizanini bei yake yajulikana. Sisi twauliza: yule aliyefunga nati zake alipata nini siku lango lilipofungwa? Tutachukua jina moja tu, Studebaker, kwa kuwa habari zake zimeandikwa wazi na zatuhusu zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Studebaker walikuwa wahunzi. Mwaka 1852 ndugu wawili, Henry na Clement, walifungua karakana ya uhunzi katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Ndugu yao John alikwenda California wakati wa kukimbilia dhahabu, lakini hakuchimba. Alitengeneza wilbaro na kuwauzia wachimbaji, akarudi nyumbani mwaka 1858 na dola 8,000. (Wachimbaji wangapi walirudi na fedha kama hizo?) Fedha hizo zikatiwa katika kazi ya ndugu zake. Walitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, wakayauza kwa jeshi la serikali katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, na hata watu waliohamia magharibi walikwenda nayo. Motokaa yao ya kwanza ilitoka 1902 nayo ilikwenda kwa umeme, jambo ambalo vijana wa leo hudhani limezuliwa juzi. Ya petroli ilifuata mwaka 1904.

Kampuni hii iliona taabu na ikainuka. Mwaka 1933 iliwekwa mikononi mwa wafilisi, na mkuu wake, Albert Erskine, akajiua mwezi wa Julai mwaka huo huo. Ikatoka huko. Katika vita vya pili vya dunia ilitengeneza injini za ndege na malori ya jeshi, na malori mengi yake yalipelekwa Urusi, yakasifiwa sana huko. Baada ya vita ilitangulia wengine kutoa motokaa ya umbo jipya. Wafanya kazi wake walikuwa wamejiunga na chama kikubwa cha wafanya kazi wa motokaa, UAW, na tawi lao la South Bend lilikuwa namba 5. Walijulikana kwa mishahara mizuri na kwa kupatana na wakubwa wao. Baba alifanya kazi pale, na mtoto akafuata, na mjukuu.

Lakini kampuni ndogo haikuweza kushindana na General Motors na Ford, zilizokuwa zikitoa motokaa nyingi mno kwa gharama ndogo. Mwaka 1954 Studebaker iliunganishwa na Packard ya Detroit, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1899 na kujulikana zamani kwa motokaa za wakubwa na matajiri. Wagonjwa wawili kitanda kimoja. Kiwanda cha Packard huko Detroit kikafungwa mwaka 1956, na jina lenyewe likatoweka 1958. Katika mwaka huo huo wa 1954 wafanya kazi wa South Bend walitakiwa wakubali kupunguziwa mishahara ili kampuni ipone. Mara ya kwanza walikataa. Walipopiga kura tena baada ya siku chache, walikubali. Tafadhali mkumbuke jambo hilo mnapoendelea kusoma. Hawa si watu walioua kiwanda chao kwa kudai makubwa, kama matajiri wapendavyo kusema kila kiwanda kikifa.

Mwishoni mwa mwaka 1958 ilitoka motokaa ndogo iitwayo Lark, ikanunuliwa vizuri, na watu wakapumua. Haikudumu. Tarehe 9 Desemba 1963 kampuni ilitangaza kwamba kiwanda cha South Bend kitafungwa. Wasomaji wazee wataijua tarehe hiyo: zilibaki siku tatu bendera yetu ipandishwe hapa Kenya. Tarehe 20 Desemba, sisi tukiwa bado katika nderemo za Uhuru, motokaa ya mwisho ya South Bend ilitoka mwisho wa laini, nyekundu, na kufika Krismasi watu kiasi cha 7,000 walikuwa wanapoteza kazi. Kazi kidogo iliendelea Hamilton, nchi ya Canada, mpaka Machi 1966.

Watu hao walisikitika, lakini wengi walijifariji kwa jambo moja. Tangu mwaka 1950 chama chao kilikuwa kimepatana na kampuni juu ya malipo ya uzeeni. Palikuwa na mkataba, sahihi na mfuko wa fedha. Mtu mwenye miaka 52 aliyefanya kazi miaka 23 aliweza kumwambia mkewe: kazi imekwisha, lakini pensheni yangu iko.

Haikuwako. Mfuko ulipofunguliwa ulionekana hautoshi, na mwaka 1964 ukagawanywa kwa mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa watu kiasi cha 3,600, yaani wale waliokwisha staafu na wale waliotimiza miaka 60 na kufanya kazi miaka 10 au zaidi. Hawa walipata haki yao yote. Fungu la pili lilikuwa watu kama 4,000, wenye miaka 40 mpaka 59 na waliofanya kazi si chini ya miaka 10. Hawa walipata kiasi cha senti 15 kwa kila dola waliyostahili, na kwa wastani walikuwa na miaka 52 ya umri na miaka 23 ya kazi, kama yule tuliyemtaja hapo juu. Fungu la tatu, watu kiasi cha 2,900 waliokuwa vijana au ambao hawajatimiza miaka 10 kazini, hawakupata kitu.

Basi tuulize vizuri: fedha ziliibwa? La. Hapana mwizi katika habari hii, na ndiyo maana yafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu mwizi hukamatwa. Jambo lilikuwa hivi. Mpango ulipoanza 1950, mtu aliyekuwa amekwisha fanya kazi miaka 20 alihesabiwa miaka yake yote ya nyuma. Ni haki kabisa. Lakini kwa miaka hiyo ya nyuma hapakuwa na hata senti moja iliyowekwa. Kampuni iliahidi kulipa deni hilo pole pole, kwa muda wa miaka kama thelathini. Kila mkataba mpya ulipoandikwa malipo yaliongezwa, na nyongeza nayo ilihesabiwa nyuma, na deni likakua tena. Miaka thelathini tangu 1950 ni 1980. Kiwanda kilifungwa 1963. Nao mkataba ulisema wanachama watalipwa kutoka katika mfuko tu. Kampuni haikuwa na wajibu wa kujaza upungufu wa mfuko kutoka katika mali yake nyingine.

Na mali nyingine ilikuwako! Kampuni ya Studebaker haikufa pamoja na kiwanda chake. Ilikuwa imenunua kazi nyingine mbali mbali, pamoja na ile dawa ya injini iitwayo STP, ambayo madereva wetu waliizoea kwa karatasi yake ya kubandika. Mwaka 1967 iliungana na kampuni nyingine na kuendelea kwa jina la Studebaker-Worthington. Wenye hisa walibaki na hisa zao. Mashini ziliuzwa, majengo yakauzwa, na vyuma vikapata bei yake kwa ratili. Mtu wa miaka 52 ndiye peke yake aliyeuzwa kwa senti 15.

Sasa tutasema neno ambalo baadhi ya viongozi wenzetu hawatalipenda. Chama nacho kilikuwa na sehemu yake katika jambo hili. UAW ilikuwa na wataalamu wa hesabu, na Walter Reuther, mkuu wake, alijua hatari ya mfuko usiojaa. Chama chake kiliwahi kufikiri juu ya bima ya pensheni kabla ya kiwanda cha South Bend kufungwa. Lakini kwenye meza ya mapatano, baina ya kampuni maskini na wanachama wanaotaka nyongeza, ahadi ilikuwa rahisi kwa wote wawili. Kampuni haikutoa fedha leo. Chama kilirudi na nyongeza ya kutangaza. Hatumlaumu mtu mmoja. Twajua mikutano yetu wenyewe ilivyo: kiongozi akirudi na kusema "tumepata shilingi kumi zaidi" hupigiwa makofi na vigelegele, na kiongozi akirudi na kusema "tumewalazimisha waonyeshe kwamba fedha za mwaka huu zimo benki" watu huuliza kama hilo ndilo alilotumwa. Na katika kugawa mafungu, wazee walitangulizwa. Labda ni sawa, kwa kuwa mzee wa miaka 70 hawezi kuanza tena. Lakini mtu wa miaka 52 mwaka 1964, fundi wa Studebaker asiyejua kazi nyingine, aanze wapi?

Msiba huo ulikuwa na matunda, ila yalichelewa. Seneta Vance Hartke wa Indiana alipeleka mswada wa bima ya pensheni mwaka 1964, na haukupita. Walifuata wengine, hasa Seneta Jacob Javits wa New York, ambaye alishika jambo hilo miaka mingi. Matajiri walipinga, na hata vyama vingine vya wafanya kazi havikulipenda mwanzoni, kwa kuwa vilikuwa na mifuko yao mizuri na havikutaka kulipia ya wengine. Miaka kumi ilipita. Tarehe 2 Septemba 1974, Siku ya Wafanya Kazi ya Marekani, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya pensheni. Sheria hiyo iliwataka wenye viwanda waweke fedha kwa utaratibu, iliweka miaka ya kazi ambayo mtu akiitimiza haki yake haiwezi kufutwa, na ilianzisha shirika la serikali la bima ambalo hulipa pensheni, mpaka kiasi fulani, mfuko ukianguka. Hapo mwanzo kampuni ilitozwa dola 1 kwa mwaka kwa kila mwanachama. Dola moja tu! Lakini sheria haikurudi nyuma mpaka mwaka 1964. Watu wa South Bend walitajwa mara nyingi ilipotafutwa sheria hiyo, na wao wenyewe haikuwapa hata senti.

Mtu aweza kusema hayo ni ya zamani. Basi tutazame mwaka 2009. Kiangazi cha mwaka huo serikali ya Marekani ilitoa mpaka dola 4,500 kwa mtu atakayetoa motokaa yake ya zamani inayokula petroli nyingi na kununua mpya. Katika wiki chache motokaa kiasi cha 677,000 zilitolewa. Sheria ilitaka ziuawe kabisa: oili ilimwagwa, ikatiwa injini maji ya kemikali ambayo yakipata moto hugeuka kama kioo, na injini iliwashwa mpaka ikakaza na kufa. Mafundi waliofanya kazi hiyo walikuwa wamezoea kuponya injini, si kuziua. Kisha zikaenda kubanwa, na vyuma vikauzwa.

Mwaka huo huo Chrysler na General Motors zote mbili zilipelekwa mahakamani kwa kufilisika, na Pontiac, jina lililokuwako tangu 1926, likahukumiwa kufa. Kampuni ya vipuri ya Delphi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya General Motors, ilishindwa kabisa kubeba pensheni zake, zikachukuliwa na lile shirika la bima la mwaka 1974. Shirika lililipa mpaka kiasi chake. Pengo lililobaki, wafanya kazi wa mikono walijaziwa na General Motors, kwa kuwa vyama vyao vilikuwa vimeandika hivyo katika mapatano miaka ya nyuma. Makarani na wasimamizi, waliokuwa hawana chama, hawakujaziwa. Walikwenda mahakamani miaka mingi, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza kesi yao. Viongozi wa vyama, miaka mingi baada ya 1964, walikuwa wamejifunza kuandika lile neno moja ambalo mkataba wa Studebaker haukuwa nalo.

Mtu atatuuliza kwa nini mfanya kazi wa Nairobi au Mombasa asome habari za Indiana. Jina la General Motors silo geni hapa. Lilikuwa juu ya kiwanda cha Mombasa Road tangu miaka ya 1970 mpaka 2017, kilipoitwa Isuzu East Africa. Na zaidi ya hayo, Solidarity House, jengo letu la vyama hapa Nairobi, lilijengwa kwa msaada wa dola 35,000 za shirikisho la vyama vya Marekani, AFL-CIO, baada ya ndugu Tom Mboya kwenda huko mwaka 1956. UAW ilikuwa katika shirikisho hilo. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba senti kadhaa za fundi wa South Bend zimo katika kuta ambazo ndani yake tumefanyia mikutano. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe akakosa.

Hapa kwetu twalo Shirika la NSSF tangu 1965, na tangu 1997 iko sheria ya kuangalia mifuko ya malipo ya uzeeni. Sheria yawapa wanachama wa mfuko wa kampuni nafasi ya kuteua baadhi ya wadhamini. Lakini ni wangapi kati yetu wawezao kuwataja wadhamini wao kwa majina? Katika tawi moja tuliulizia hivi karibuni, na katika watu zaidi ya thelathini waliokuwa mkutanoni ni wawili tu waliojibu, na mmoja alitaja mdhamini aliyekwisha fariki. Wapo wanachama ambao kila mwezi karatasi ya mshahara yaonyesha fedha zimekatwa, nao hawajauliza hata mara moja kama zimefika. Kukatwa ni jambo moja na kufika ni jambo la pili. Na mwenye kazi anayechelewesha kupeleka makato miezi mitatu husema ana shida kidogo ya fedha. Huyo ndiye hasa wa kuangaliwa, kwa maana kampuni yenye nguvu haihitaji kukopa kwa vibarua wake.

Kwa hiyo ofisi yataka jambo moja kwa kila katibu wa tawi kabla ya mkutano mkuu. Aandike karatasi moja yenye majibu haya: mfuko wenu waitwaje, wadhamini ni akina nani, na ni yupi aliyeteuliwa na wanachama, hesabu za mwisho zilisomwa lini mbele ya wanachama, na makato ya mwezi uliopita yamefika au hayakufika. Wanachama waje na karatasi zao za mshahara za miezi sita na taarifa ya NSSF. Wasiojua kusoma hesabu wasione haya, karani wa ofisi atakaa nao. Mahali ambapo tajiri atakataa kuonyesha hesabu, katibu aandike jina la kampuni na tarehe aliyokataa, alete.

Ile motokaa nyekundu ya mwisho ya tarehe 20 Desemba 1963 haikupondwa. Imewekwa South Bend katika nyumba ya makumbusho, husuguliwa na kung'arishwa, na watu hulipa kuingia kuitazama.

Mhariri